Kivuli cha Kumi na Tatu

Risasi ya kwanza Inspekta aliipiga hewani. Hakuna aliyeisikia. Ya pili akaipiga kwenye saruji, hatua mbili kutoka miguu ya mtu aliyeshika bomba la chuma, na hapo ndipo watu wakakumbuka kwamba wana miguu.

"Nyuma! Kila mtu nyuma!" Sajini alikuwa anapenya kwa viwiko. "Wewe mwenye bomba, liweke chini taratibu kama yai!"

Bomba likawekwa. Duara likafunguka. Katikati yake mtu alikuwa amejikunja kama aliyelala kwenye baridi. Ovaroli yake ya rubani, ya buluu, ilikuwa nyekundu kuanzia kifuani hadi magotini. Jicho moja lilikuwa limevimba mpaka likazibika. Meno mawili yalikuwa chini, karibu na mkono wake wa kushoto, na vidole viwili vya mkono huo vilielekea upande ambao vidole havielekei.

"Yu hai?" Inspekta aliuliza.

Sajini akainama, akasikiliza. "Anapumua, afande. Ila mbavu zinalia."

"Ameua!" sauti ya mwanamke ilitoka nyuma. "Tumemkuta amemkumbatia Mkaguzi wetu, damu tupu!"

"Na nyinyi hapa mlikuwa mnamfanya nini?" alisema Inspekta. "Mnamkanda?"

Walikuwa mafundi ishirini, wake kwa waume, wote na ovaroli za kijivu, wengine bado wamebeba chupa za chai walizotoka nazo nyumbani. Nusu saa nyuma walikuwa watu wa kazi zao. Sasa wengine walikuwa wanajifuta damu ya mwenzao kwenye mapaja.

Mzee mmoja akasogea mbele. Alikuwa na umri wa miaka sitini hivi, mabega mapana, ndevu nyeupe zimechongwa vizuri, machozi yanamtiririka bila aibu. Alikuwa Fundi Mkuu wa kiwanda hiki, na hakuna aliyemwita hivyo. Wote walimwita Anko.

"Afande, hawa ni wanangu," alisema. "Hasira zimewapanda. Marehemu alikuwa mtu wao. Ukimchukua mmoja, nichukue mimi kwanza."

"Sichukui mtu kabla sijauona mwili," Inspekta alisema. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi. "Sajini, mfunge pingu Rubani, mikono mbele, kisha mweke chumba cha huduma ya kwanza. Mlango ufungwe."

"Pingu, afande? Huyu hawezi kukimbia hata akikimbizwa."

"Si kwa ajili yake. Hawa wakimwona na pingu watatulia."

*

Banda la ndege lilikuwa safi kuliko hospitali. Sakafu ilipakwa rangi ya kijivu inayong'aa. Katikati ilisimama ndege yenyewe: ndogo, nyeupe, viti vitano, injini moja tu ya jeti iliyokaa mgongoni nyuma ya viti, kama mtoto aliyebebwa na mama yake. Miaka tisa kiwanda hiki kilikuwa kinaitengeneza, ndege ya mtu binafsi, ya kujiendeshea mwenyewe kwenda kazini na kurudi. Hii ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilianguka miaka miwili iliyopita. Na hii ya pili ilikuwa iruke leo, saa nne asubuhi, kwa mara ya kwanza.

Mkaguzi alikuwa amelala chini ya ngazi ya injini, kifudifudi. Alikuwa mtu mwembamba aliyekagua kazi za wote, na bila sahihi yake ndege haikuweza hata kusukumwa nje.

"Mapigo matatu," alisema daktari wa polisi, amepiga magoti. "La kwanza nyuma ya sikio, akiwa amesimama. Mawili alipigwa akiwa chini tayari, na haya mawili ndiyo yaliyofungua kichwa. Aliyepiga hakuwa na haraka. Njoo uone hapa." Alisogeza nywele kwa kalamu. "Duara. Kitu cha chuma chenye kichwa cha mviringo."

"Saa ngapi?"

"Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Bado ana joto."

Sajini alirudi na daftari la mlinzi wa getini, akasoma kwa sauti. Mkaguzi aliingia saa kumi na mbili kamili. Anko, na robo. Mhandisi, na dakika ishirini. Rubani, saa moja kasoro dakika tano. Mafundi wengine wote na mpishi waliingia na basi la kampuni saa moja na dakika tano.

"Wanne," alisema Inspekta. "Mmoja amekufa. Wamebaki watatu."

"Wawili na nusu," alisema Sajini. "Umemwona Rubani?"

Mwanamke mrefu alikuwa amesimama karibu na bawa, penseli nyuma ya sikio, mikono imejikumbatia. Alikuwa Mhandisi, aliyeichora ndege hii mstari kwa mstari. Mafundi walimwita Dada.

"Ulimsikia akipigwa?" Inspekta alimuuliza.

"Nilikuwa ofisini juu, nimevaa vifuniko vya masikio. Nasikiliza kanda ya mlio wa injini ya jana."

"Ulielewana na marehemu?"

"Jana hapana." Alisema bila kupepesa. "Aligoma kutia sahihi. Nilimwambia anatuchelewesha makusudi. Nikamwambia na maneno mengine, sitayarudia hapa amelala."

"Kisa cha kugoma?"

"Hakusema. Alisema, 'Dada, nipe mpaka kesho asubuhi.' Ndiyo hii asubuhi."

Inspekta alivaa miwani, akatembea kuizunguka injini. Ilikuwa na duara la bolti kumi na sita. Kumi na moja zilikuwa na alama ya chaki, na kando ya kila alama namba ileile: 25. Tano hazikuwa na kitu.

"Alikuwa anafanya nini hapa?"

"Anapima ukazaji. Kila bolti lazima ikazwe kwa nguvu ileile. Ana spana ya kipimo: unaizungusha mpini mpaka kwenye namba unayotaka, ukikaza ikafika, inalia klik."

"Iko wapi?"

Dada alinyoosha mkono kwenye ukuta.

Ubao ulikuwa mkubwa kama mlango wa gereji, umepakwa nyeupe. Juu yake vifaa vilining'inia safu kwa safu, na nyuma ya kila kifaa kulichorwa kivuli chake kwa rangi nyekundu, umbo kwa umbo, ili pengo lionekane hata na mtu anayepita mbio. Pembeni kulikuwa na safu ya misumari yenye vibati vidogo vya shaba, kimoja kwa kila mtu, vyenye namba.

"Ukichukua kifaa, unaning'iniza kibati chako mahali pake," Dada alieleza. "Ukirudisha, unachukua kibati. Jioni ikikutwa kibati bado kiko ubaoni, hakuna anayekwenda nyumbani. Tumeshalala hapa watu wazima kwa ajili ya bisibisi. Ndege hairuki na spana tumboni."

"Na sasa hivi ubao umekamilika?"

Dada aliutazama kwa mazoea, kona hadi kona. "Hauna pengo."

Inspekta alisogea kwenye spana ya kipimo mpaka pua yake ikakaribia chuma. Vifaa vya jirani vilikuwa na utando mwembamba wa grisi. Hiki kilikuwa kikavu na kilinuka mafuta ya ndege. Kichwa chake kilikuwa cha mviringo.

"Daktari. Lete rula yako."

Daktari alipima, akarudi kwa maiti, akapima, akarudi tena. Aliitikia kwa kichwa. Kisha akachomoa unywele mmoja, mfupi, kutoka kwenye mikwaruzo ya mpini.

"Sajini, andika. Spana imeoshwa. Namba kwenye mpini inasoma sifuri." Akahamia kwenye vibati, akavigeuza kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu. Namba nne ilikuwa na doa jekundu nyuma, bado bichi. "Nne ni ya nani?"

"Ya Mkaguzi," alisema Dada.

Sajini aliacha kuandika. "Ngoja, afande. Marehemu alichukua spana, akaacha kibati chake. Akauawa kwa spana ileile. Halafu spana ikaoshwa, ikarudi ukutani, na kibati kikarudi msumarini kwake?"

"Ndivyo."

"Sasa muuaji gani anamaliza kuua halafu anapanga vyombo?"

"Yule asiyeweza kuvumilia kuona pengo," alisema Inspekta.

*

Rubani aliongea akiwa amekaa kwenye kitanda cha huduma ya kwanza, kitambaa cha barafu jichoni, pingu mikononi.

"Jana nilisema nitamuua. Ndiyo. Kwenye chai, mbele ya watu wote."

"Kwa nini?"

"Ndege ya kwanza alikuwa anairusha kaka yangu. Kaka wa tumbo moja, aliyenifundisha mimi kazi. Ilipanda, ikainamisha pua, ikaenda chini moja kwa moja kama jiwe. Mkaguzi ndiye aliyeandika ripoti: kosa la rubani. Mama yetu amezikwa mwaka jana akiamini mwanawe aliua ndege ya watu." Alitema damu kwenye beseni. "Jana Mkaguzi ananijia ananiambia, 'Kapteni, nadhani nilimkosea kaka yako.' Nadhani! Baada ya miaka miwili, nadhani! Nikamkamata shingo."

"Akasema nini?"

"Akasema njoo kesho saa moja kamili, twende pamoja kwenye kontena la mabaki. Nikafika. Nikamkuta chini. Nikamgeuza nikidhani bado anapumua, nikawa namrudisha alivyokuwa. Damu ndiyo hiyo. Wenzangu wakaingia. Mengine unayaona."

"Nani alikupiga wa kwanza?"

"Sikuona. Nilikuwa nimeinama."

Jibu la swali hilo lilikuwa jikoni. Mama Chai, mpishi wa kiwanda, alikuwa amekaa juu ya kreti la soda anawasimulia askari wawili kisa kizima kwa mara ya tatu, na kila mara kilikuwa kinarefuka. Alipomwona Inspekta akamsogezea kiti na kikombe kabla hajaulizwa.

"Kaa mwanangu, miguu si chuma. Mimi ndiye ninayejua hapa nani kalala na nani, nani hasemi na nani. Uliza."

"Nani alimpiga Rubani wa kwanza?"

Mama Chai alitazama mlango, akashusha sauti, ingawa sauti yake ya chini ilikuwa ya juu ya watu wengine. "Anko. Macho yangu haya. Na Anko tangu nimjue, panya akiingia humu anamtoa kwa ufagio, hampigi. Leo kachukua kipande cha bomba, pah! kwenye mbavu, anapiga kelele, 'Mmalizeni! Polisi watamwachia kesho!' Vijana wakaona Anko kapiga, nao wakapiga. Halafu yeye katoka pembeni, analia."

"Na Mkaguzi? Wiki hii alikuwaje?"

"Mwenye mawazo! Alikuwa anavipaka upya vivuli vya ule ubao wao, kabla ya ndege kuruka. Kashusha vifaa vyote, kapaka, akafika mahali akasimama. Kasimama hivi, brashi mkononi, chai imepoa. Akanijia, 'Mama, nipe uzi wa aproni.' Nikamwambia wewe baba, nguo yangu itaanguka watu waone maajabu! Akacheka kidogo. Akauchukua, akaenda nao ubaoni, akaurudisha una mafundo mawili. Hata hayafunguki, ona."

Alinyanyua uzi. Mafundo mawili yalikuwa yamekazwa sana, yameachana upana wa kidole.

Inspekta aliyatazama muda mrefu. "Utaniazima huu uzi?"

"Nguo zangu zina mkosi," alisema Mama Chai, akaufungua.

*

Aliwaita wote watatu kwenye meza ya kazi, chini ya ubao. Mafundi walisimama nyuma ya kamba ya polisi wakichungulia, wamebanana. Kwenye meza kulikuwa na jiliwa lililobana bolti moja, na spana ya kipimo ya pili, ndogo, Inspekta ameshaizungusha mpaka ishirini na tano.

"Nataka kitu kimoja," alisema. "Kila mtu anikazie bolti hii, huku ananiambia alikuwa wapi saa kumi na mbili na nusu."

"Mchezo gani huu?" alisema Dada.

"Wewe kwanza."

Dada aliikaza huku akirudia habari ya ofisi na vifuniko vya masikio. Klik. Akamkabidhi Sajini spana, mpini ukiwa mbele. Sajini akairudisha mezani bila kuigusa namba. Rubani aliikaza kwa mkono wa kulia, pingu zikigonga jiliwa, akasema alikuwa njiani. Klik. Akaiachia mezani ikabingirika.

Anko alichukua zamu yake akipangusa macho kwa kiganja.

"Mimi nilikuwa stoo, afande. Nahesabu mipira ya magurudumu. Ningekuwa hapa angekufa? Miaka kumi na tisa tumekula sahani moja mimi na yule bwana." Klik. "Kwenye harusi ya binti yangu yeye ndiye aliyesimama." Dole gumba lake likaanza kuzungusha mpini kinyumenyume, mara moja, mara mbili, mara tano. "Nimemzika baba yake kwa mikono hii." Akavuta kitambaa mfukoni, akaipangusa spana kutoka kichwa hadi mkia. "Sasa leo mnaniuliza mimi nilikuwa wapi." Akainua mkono, akaining'iniza ubaoni, katikati ya kivuli chake.

Fundi mmoja nyuma ya kamba alisema, "Yesu na Maria," polepole.

"Anko," alisema Inspekta. "Umefanya nini sasa hivi?"

"Nimekaza bolti."

"Baada ya hapo."

Anko aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Dada, namba inasoma ngapi?"

Dada alisogea. "Sifuri." Midomo yake ilikuwa imepauka. "Ndani kuna springi. Ukiitundika bila kuirudisha sifuri, springi inachoka na spana inaanza kudanganya. Fundi anafundishwa hivyo siku ya kwanza. Sisi wa ofisini hatukumbuki kamwe. Mkaguzi alikuwa anatugombeza kila siku."

"Marehemu alipigwa akiwa kwenye bolti ya kumi na mbili," alisema Inspekta. "Spana yake ilikuwa ishirini na tano. Aliyeirudisha ukutani aliipeleka sifuri kwanza."

Anko alicheka, kicheko kifupi cha pua. "Basi ndiyo ushahidi wako? Hivyo nimewafundisha watu ishirini humu. Wafungeni wote!"

"Hao ishirini walikuwa kwenye basi."

"Na nimuue kwa kisa gani? Eti? Niambie kisa!"

Inspekta alitoa uzi wa aproni mfukoni. Aliunyoosha ubaoni, spana kwa spana, fundo kwa kifaa, kuanzia ndogo. Nane. Kumi. Kumi na mbili. Alipofika kumi na tatu akasimama. Spana namba kumi na tatu iliishia kwenye fundo la kwanza. Kivuli chake chekundu kiliendelea upana wa kidole, mpaka fundo la pili.

"Hii si spana iliyochorwa hapa," alisema.

Mafundi walisukumana mbele. Miaka miwili walikuwa wanaishika kila siku, na miaka miwili hakuna aliyeona, kwa sababu jicho lao lilikuwa linatafuta pengo na pengo halikuwepo.

"Kwa hiyo kumi na tatu ya zamani iko wapi?" Sajini aliuliza, bila ujanja wowote, kama mtu anayeuliza njia.

Dada aliziba mdomo kwa mikono miwili. Rubani aligeuza jicho lake moja, polepole, mpaka likamfikia Anko.

"Kontena," alisema Rubani.

*

Kontena la mabaki lilikuwa nyuma ya banda, limefungwa kwa kufuli kubwa. Ufunguo ulikuwa mmoja, Dada alisema, na alikuwa nao Anko tangu siku alipokusanya mabaki.

"Umepotea," alisema Anko. "Zamani."

Sajini alikwenda ubaoni kuchukua mkasi wa kukatia chuma. Mafundi watatu wakamzuia kwa pamoja: hachukui mtu kifaa bila kuacha alama. Hakuwa na kibati. Akaning'iniza filimbi yake ya polisi, huku akinung'unika kwamba kiwanda hiki kina masharti kuliko msikiti, akarudi akakata kufuli.

Waliingia wanne: Inspekta mbele na kurunzi, Anko katikati, Sajini nyuma yake, na Rubani aliyekataa kubaki nje. Mabaki yalinuka moshi hadi leo. Bawa lililokunjamana kama karatasi. Kiti cha rubani, chuma kitupu. Inspekta alipiga goti, akamulika chini ya kiti, pale fimbo inayotoka kwenye usukani inapopita kwenda mkiani. Kati ya fimbo na sakafu kulikuwa na kitu cheusi kilichoganda, kimeikwamisha fimbo na kushikana na chuma kwa moto. Alikifuta kwa kidole gumba. Namba ikatokea. 13.

"Ulishindwa kuibandua," alisema bila kugeuka. "Kwa hiyo ukakaa na ufunguo."

Hakuona pigo. Alisikia tu Sajini akipiga yowe na mfupa ukikatika. Anko alikuwa amechomoa kipande cha ubavu wa bawa, akampiga Sajini nacho mkononi, akampiga tena kwenye goti, Sajini akaenda chini. Inspekta aligeuka na bastola, kipande kikamkuta kwenye kifundo cha mkono, bastola ikaruka gizani. Kisha mikono ya miaka thelathini ya kukaza bolti ikamshika koo.

"Spana moja!" Anko alikuwa anamgongesha kisogo kwenye ukuta wa kontena, neno kwa pigo. "Miaka! Thelathini! Spana! Moja!"

Miwani ilivunjika. Inspekta alimng'ata kidole gumba mpaka meno yakagusa mfupa, na Anko hakuachia. Alimpiga goti tumboni, na hakuachia. Macho yalianza kumwingia giza.

Mnyororo wa pingu ulipita juu ya kichwa cha Anko na kukaza chini ya kidevu.

Rubani alijitupa nyuma kwa uzito wake wote. Wote wawili wakaanguka juu ya kiti kilichoungua, Rubani chini, Anko juu yake, mnyororo ukiingia kwenye nyama. Vidole viwili vilivyovunjika vilikuwa vinavuta kama vizima. Uso wa Anko uligeuka zambarau. Visigino vyake vilipiga sakafu, haraka, kisha taratibu.

"Mwachie!" Inspekta alikuwa anatambaa, damu inamshuka shingoni. "Kapteni! Mwachie!"

"Alimuua kaka yangu. Akaniangalia usoni miaka miwili. Akala chakula cha matanga yetu!"

"Najua. Nisikilize. Mkaguzi amekufa. Akifa na huyu, ni nani atakayesimama aseme kaka yako hakuiangusha ndege?" Alikohoa, akatema. "Ripoti itabaki ileile. Utakuwa umemzika mara mbili."

Visigino vilikuwa vimekaribia kutulia. Rubani alipiga kelele moja isiyo na neno, kisha akafungua mikono.

Anko alivuta pumzi kama mlango wenye kutu. Inspekta alimgeuza kifudifudi, akamfunga pingu za akiba za Sajini, akamkalia mgongoni kwa sababu hakuwa na nguvu za kusimama.

"Alinipa nusu saa," Anko alisema kwenye sakafu, sauti imekwaruzika. "Alisema, 'Mwambie Kapteni mwenyewe, akifika. Likitoka kinywani mwako litakuwa na heshima.' Akageuka, akaendelea kukaza bolti zake. Kama vile hajasema kitu."

"Na kumi na tatu ya zamani?"

"Nilihesabu vifaa jioni ile. Nikaona haipo. Nilikuwa nimeitumia bila kuacha kibati. Mimi ndiye Fundi Mkuu, nani ataniuliza? Nikasema nitaitafuta kesho, nikatundika nyingine. Kesho yake waliirusha ndege alfajiri, kabla sijafika."

*

Sajini alipakiwa kwenye gari la wagonjwa akilalamika kuhusu filimbi yake. Anko alipita katikati ya mafundi na askari wawili, na wale aliowaita wanawe asubuhi ile walitazama viatu vyao.

Spana ilibanduliwa kwa patasi mbele ya Dada na daktari. Inspekta aliileta ubaoni ndani ya mfuko wa nailoni, akaishusha spana fupi, akaiweka ile nyeusi mahali pake. Ilijaa. Kichwa juu ya kichwa, mkia juu ya mkia, mpaka ukingo wa rangi nyekundu.

Yule fundi aliyekuwa na bomba asubuhi alikuwa analia, hana pa kuweka mikono.

Inspekta alizishusha spana zote mbili, akazifunga. Alikuwa amegeuka kuondoka Mama Chai alipomshika kiwiko.

"Mwanangu, utaratibu. Huondoki na kifaa ukaacha pengo."

"Sina kibati, mama."

Rubani alitembea mpaka kwenye safu ya misumari. Pingu alikuwa amefunguliwa. Alama zake zilikuwa bado zinavuja. Alipita namba nne, akasimama kidogo, akaigusa. Kisha akaenda mwanzo wa safu, akachukua kibati namba moja, cha Fundi Mkuu, kilichong'aa kwa kuwa hakikuwahi kutumika sana.

Alikining'iniza kwenye kivuli cha kumi na tatu, akakinyoosha kikatulia.

"Kilitakiwa kiwe hapa siku ile," alisema.